Shajara ya mradi: seva ya masomo iliyofungiwa nyuma ya rauta, Wete Pemba

Naandika hapa kila hatua ikimalizika, ili mwenye kutaka kufanya kama hichi aweze kufata. Mradi wenyewe ni kituo cha tuisheni cha Maalim wangu wa fizikia. Tuna video za masomo, mitihani iliyopita ya kidato cha nne, na mazoezi ambayo mwanafunzi anajibu kwenye Moodle (programu ya kuendeshea masomo) na Maalim anayasahihisha. Yote jamii kama GB 140. Mwanafunzi akiwa kituoni anayapata kwa waifai bila bando, akirudi kwao Konde au Micheweni hana kitu. Lengo ni ayapate akiwa kwao.

Kama una haraka nenda moja kwa moja kwenye tarehe 9 Mei kabla hujagusa chochote kwenye rauta yako. Mie nilifika hapo baada ya wiki mbili na zilikuwa wiki mbili za kuchoka.

Ijumaa, 26 Aprili 2024

Leo sikukuu, miaka 60 ya Muungano, kituo kimefungwa kwaiyo nimepata siku nzima na mashine peke yangu. Raspberry Pi 4 ya GB 4 iliyotumika (kompyuta ndogo, ndo seva yenyewe, mbele naiita Pi tu) nimenunua 190,000, memori kadi ya GB 64 elfu 25, waya wa mtandao mita 15 kwa elfu moja kila mita. Kufunga Raspberry Pi OS (Bullseye, ile ya nyuma kidogo, mana Moodle 4.1 inakubaliana na PHP yake, lugha Moodle iliyoandikwa nayo), nginx ya kutoa kurasa, MariaDB ya kuhifadhi data na Moodle imechukua saa nne na nyingi ni kusubiri vitu vishuke. Siielezi, maelezo yapo kila pahala.

Jioni nikaandika 192.168.0.107, anwani ya Pi, kwenye simu, ukurasa ukafunguka. Maalim akaja baada ya magharibi akaufungua na yeye akausoma wote mpaka chini, alafu akaniuliza, "Sasa mwanangu, yule wa Micheweni anauonaje?" Nikamwambia Maalim nipe siku mbili.

Jumamosi, 4 Mei

Tufani la Hidaya liko huko upande wa Mafia, maboti ya Dar yamesimama na SSD yangu (diski ya kuhifadhia) niliyoagiza Kariakoo imebaki hukohuko. Umeme unakuja unaondoka. Nimekaa na rauta tu.

Kwa ambae hajui tatizo liko wapi. Rauta ina anwani moja kwa upande wa nje, na vifaa vyote vya ndani vinatumia anwani za ndani ambazo nje hazina maana. Ni kama S.L.P. ya skuli. Mwanafunzi akiandika barua, karani anaandika kwenye daftari fulani kamwandikia fulani, jibu likirudi anajua ampe nani. Lakini ikija barua kutoka kwa mgeni ambae hakuna aliemwandikia, karani haioni kwenye daftari yake, anaitupa. Hiyo ndo NAT, na ndo mana seva ya ndani haionekani nje, sababu seva kazi yake ni kupokea barua za wageni. Poti fowadingi ni kumwachia karani maagizo: kila kinachokuja poti 80 na 443 (milango ya kurasa za wavuti) kipeleke kwa yule pale.

Nikaingia kwenye rauta, nikaandika 80 kwenda 192.168.0.107, nikahifadhi. Saa moja baadae umeme ukakatika, uliporudi ukurasa haufunguki hata ndani. Nikafungua nginx, nikaisoma konfigi yote, nikaiwasha upya mara sijui ngapi. Kumbe Pi imepewa anwani nyengine, imekuwa 192.168.0.112, na maagizo ya poti bado yanapeleka 107 ambako hakuna mtu. Kwenye rauta kuna pahala pa kufunga anwani kwa MAC, namba ya kudumu ya kifaa, nimeifunga 192.168.0.20 daima. Fanya hili kabla ya kitu chengine chochote, hasa kama umeme wako ni kama wa kwetu.

Alafu nikaingia ukurasa wa hali ya rauta, palipoandikwa WAN IP, yaani anwani ya upande wa nje, nikakuta 192.168.8.100. Nikaiandika kwenye simu, tovuti hiyo ikafunguka! Nikamtumia dada yangu alioko chuo Unguja. Akajibu haifunguki. Nikamwambia jaribu tena, washa na kuzima simu, badilisha brauza, nimemsumbua usiku mzima na hana kosa.

Jumatatu, 6 Mei

Nimejua. 192.168 popote utakapoiona ni anwani ya ndani. Zimetengwa tangu miaka ya 1990, pamoja na zote zinazoanza na 10, na zile za 172.16 mpaka 172.31, kila nyumba duniani inaweza kuzitumia na hazipiti kwenye intaneti. Dada yangu alipoiandika, simu yake iliitafuta ndani ya waifai ya dahalia yao.

Na kwa nini rauta ilikuwa na anwani ya ndani kwa upande wake wa nje? Sababu kituoni tuna rauta mbili. Moja ya mtoa huduma, ya laini ya 4G, iko dirishani. Nyengine Maalim aliinunua ili waifai ifike ukumbini, na imechomekwa nyuma ya ile ya kwanza. Makarani wawili, mmoja nyuma ya mwengine, na mie nimempa maagizo wa ndani tu.

Unaweza kuweka maagizo kwenye rauta zote mbili, itafanya kazi, lakini nimeona bora kuondoa moja. Ile ya ukumbini nimezima DHCP yake (ugawaji wa anwani), nikaipa anwani 192.168.8.2, na waya nikautoa kwenye tundu la WAN nikauchomeka kwenye tundu la LAN, la upande wa ndani. Sasa inasambaza waifai tu. Pi imehamia 192.168.8.20 na maagizo ya poti yako kwenye rauta ya 4G. Gharama sifuri.

WAN IP sasa inaanza na 100.72. Hii haifanani na zile za ndani nilizozisoma. Nikaiandika kwenye simu yangu, ikafunguka. Nikamtumia dada. Haifunguki.

Alhamisi, 9 Mei

Siku tatu nimetupa. Nilidhani poti 80 imezuiwa, nikajaribu 8080. Nilidhani fayawoli ya Pi, nikaizima yote. Nikawasha DMZ, nikawasha UPnP (njia nyengine za kufungua poti), nikarudisha rauta kwenye hali ya kiwandani nikaanza upya na wanafunzi siku hiyo hawakuwa na waifai.

Kilichonitoa ni kusikiliza paketi zenyewe, vile vipande vya data vinavyopita mtandaoni. Kwenye Pi:

`sudo tcpdump -ni eth0 port 80`

Nikampigia dada, "Fungua sasa hivi, niko kwenye simu na wewe." Akafungua. Kwenye skrini kimya. Mie nikiandika ileile anwani kutoka kwenye waifai, mistari inashuka. Yaani barua yake haifiki hata mlangoni, hakuna cha nginx wala fayawoli ya Pi, hata siku tatu hizo ningeandika konfigi ya dhahabu isingesaidia.

Alafu nikafungua ukurasa mmoja wapo wa zile zinazokuonesha anwani yako ya nje. Ikaja inayoanza na 197. Rauta inasema 100.72, dunia inasema 197. Zikitofautiana hizo mbili, basi kuna karani mwengine juu yako, na kama huna rauta ya pili ya kwako, huyo yuko kwa mtoa huduma, ufunguo wa ofisi yake huna.

Inaitwa CGNAT, yaani NAT ya mtoa huduma mwenyewe. Anwani za 100.64.0.0 mpaka 100.127.255.255 zilitengwa mwezi wa nne 2012 kwa kazi hii hasa, watoa huduma wawagawie wateja kwa ndani alafu mamia ya wateja watoke nje kwa anwani moja. Sababu yake anwani za IPv4, hizi za namba nne, hazifiki bilioni 4.3 zote jamii na zimekwisha. Kapu la dunia lilimalizika Februari 2011, na AFRINIC inayogawa kwa Afrika iliingia hatua ya mwisho ya kubana matumizi Januari 2020. Sielewi kwa nini maelezo mengi ya poti fowadingi hayaanzi na hili, mana kwa sie tunaotumia laini za simu ndo hali ya wengi.

Na kwa nini ikifunguka nikiwa ndani? Sababu rauta ya 4G inaijua 100.72 kuwa ni yake mwenyewe, ikaniona nimeiandika ikanirudisha ndani. Paketi haijatoka hata dirishani. Kwaiyo usijaribu kamwe ukiwa kwenye waifai ileile. Zima waifai, tumia bando la simu, na laini ya kampuni nyengine ikiwezekana.

Kipimo chote ni dakika mbili: angalia WAN IP ya rauta, angalia anwani ya nje, zikiwa sawa endelea na poti fowadingi, njia ipo. Zikitofautiana, na huna rauta ya pili ya kwako kama tuliyokuwa nayo sie, funga ukurasa wa poti usirudi tena.

Nimepiga simu kwa mtoa huduma. Kijana alienipokea alikuwa muungwana, akaniambia anwani ya peke yako ipo kwa kifurushi cha biashara, bei yake zaidi ya mara tatu ya 70,000 anayolipa Maalim kwa mwezi. IPv6, aina mpya ya anwani, ingetutoa kabisa kwenye haya, kule kila kifaa kina anwani yake hakuna karani, lakini kwenye laini yetu hakuna.

Jumanne, 14 Mei

Intaneti mbovu tangu juzi Jumapili, nikadhani ni mikono yangu kwenye rauta. Siyo. Waya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zimekatika kaskazini ya Durban na Tanzania ni katika walioumia zaidi. Naandika hapa kwa sababu imebadilisha uamuzi wa mradi.

Njia iliyobaki ni kugeuza mambo. Badala ya kusubiri barua ya mgeni iingie, Pi itoke yenyewe iende kwenye kompyuta yenye anwani ya kweli nje, ishike mkono isiachie, na wageni waje huko. Jibu la barua karani halizuii. Nikakodi VPS (kompyuta ya kukodi iliyoko mtandaoni) ndogo kabisa, dola 5 kwa mwezi, kama 13,000, nimelipa kwa kadi ya mtandaoni ya kwenye simu. Nilichagua ya Johannesburg kwa kuwa ndo ya karibu, na ndo upande huohuo waya uliokatika. Haishikiki. Nimeifuta siku ileile nikachukua ya Ujerumani, bei moja. Wanahesabu kwa saa, kwaiyo sikupoteza hata shilingi mia.

Jumamosi, 18 Mei

Tuneli (hiyo njia ya Pi kushikana na VPS) ya kwanza ni SSH, programu ya kuingilia kompyuta ya mbali, kwa sababu haihitaji kufunga kitu:

`ssh -N -R 8080:localhost:80 pi@vps`

Nikafungua anwani ya VPS poti 8080 kwa bando la simu. Kimya. Nikaogopa yaleyale. Lakini sasa nshajifunza kuangalia kwanza, nikaingia VPS nikaandika `ss -tln` nikaona 127.0.0.1:8080, yaani poti imefunguka kwa VPS yenyewe tu, wa nje haoni. Ndivo SSH ilivo mpaka ubadilishe GatewayPorts. Sikubadilisha, bora hivohivo, nimeweka nginx kwenye VPS ipokee wageni poti 80 iwapeleke 127.0.0.1:8080.

Saa 4 na nusu usiku dada akanitumia picha ya skrini. Moodle, jina la kituo, na picha ya ukumbi wetu. Nilikwenda kumgongea Maalim na alikuwa keshalala, nikarudi.

Jumamosi, 25 Mei

Wiki moja ya tuneli ya SSH. Inakufa kimyakimya. Laini ya 4G ikiyumba, Pi inadhani bado imeshikana na VPS inadhani bado imeshikana, na hakuna kinachopita. Nikiiwasha upya inasema poti 8080 haikupatikana, kwa sababu maiti ya tuneli ya mwanzo bado imeikalia, na ubaya wake SSH inaendelea kubaki hewani kana kwamba mambo sawa, ukiangalia unaona imeunganika.

Dawa niliyoweka, na imetulia: `ExitOnForwardFailure=yes` ili ikikosa poti ife kabisa, `ServerAliveInterval=30` na `ServerAliveCountMax=3` upande wa Pi, `ClientAliveInterval 30` upande wa VPS ili maiti zizikwe, na huduma ya systemd (ndo inayowasha programu kwenye Pi) yenye `Restart=always` na `RestartSec=10`.

Lakini kuna jambo SSH haiwezi. Wote wanapita kwenye uzi mmoja wa TCP. Paketi moja ikipotea njiani wote nyuma yake wanasimama, kwaiyo wa Konde akishusha video wa Mkoani anasubiri ukurasa wa mazoezi ambao ni kilobaiti chache. Kwa mtu mmoja anaeingia kuangalia mashine yake inatosha kabisa na ningesema iache hapo. Kwa wanafunzi arobaini haitoshi.

Jumamosi, 1 Juni

WireGuard, tuneli ya aina nyengine. Imo ndani ya kerneli ya Linux tangu 2020, inatumia UDP (haipangi paketi foleni kama TCP), konfigi mistari kumi. Kwenye VPS nimefungua poti 51820 ya UDP, VPS ni 10.8.0.1 na Pi ni 10.8.0.2. nginx ya VPS sasa inapeleka 10.8.0.2.

Usiku inafanya kazi, asubuhi imekufa. Nikiingia kwenye Pi nikaping 10.8.0.1 inafufuka palepale. Daftari ya karani wa mtoa huduma ina muda, pakikaa kimya anaufuta mstari wako, na VPS haiwezi kukuanza wewe, lazima wewe uanze. Mstari mmoja upande wa Pi:

`PersistentKeepalive = 25`

Kila sekunde 25 inatuma kipaketi kitupu kumkumbusha karani. Haijafa tena kwa sababu hiyo.

Alhamisi, 6 Juni

Wanafunzi wanne wa mwanzo wameingia. Wote wanasema neno moja, ukurasa wa kuingilia unafunguka, wakibonyeza mtihani wa PDF kinazunguka kiduara mpaka wanakata tamaa. Kwangu kituoni kila kitu sawa.

Kidogo kinapita, kikubwa hakipiti: hiyo ni saizi ya paketi. WireGuard inaweka MTU (saizi kubwa kabisa ya paketi) 1420 kwa kudhani njia ya nje inabeba 1500. Laini yetu ya 4G haibebi. Nimepima kutoka kwenye Pi, nje ya tuneli:

`ping -M do -s 1472 anwani-ya-vps`

Haipiti. Nikapunguza pole pole mpaka 1372 ikapita, ukijumlisha baiti 28 za vichwa ni 1400. WireGuard inakula 60 kwa IPv4, inabaki 1340. Nimeweka `MTU = 1280` pande zote mbili nisibanane, mana laini ya simu leo iko hivi kesho vyengine. PDF zikafunguka wakati huohuo, mmoja akaniandikia "imeruka".

Siku hiyohiyo nimepunguza video zote kwa programu ya ffmpeg ziwe za 360p, imekesha siku mbili. Bando la mwanafunzi si langu kulichezea.

Jumatano, 12 Juni

Cheti cha HTTPS cha Let's Encrypt (wanaotoa vyeti bure). Nilikosea kuanza kukiomba kwenye Pi, na jina la domeni linaelekea VPS, wakaja kuhakiki VPS wakakuta hakuna. Mara tano ndani ya saa moja wanakufungia, ungoje. Baada ya ishaa nikaomba kwenye VPS kwa `certbot --nginx`, kikaja kwa nusu dakika. Kinakaa siku 90 na kinajiongeza chenyewe ilimradi poti 80 ya VPS ibaki wazi. Domeni nimelipia 30,000 kwa mwaka.

Baada ya hapo Moodle ikawa inazunguka, brauza inasema imeelekezwa mara nyingi mno. Moodle inajijua ni https lakini nginx ya VPS inailetea http, inakataa, inarudisha, inakataa. Kwenye config.php: `$CFG->wwwroot` iwe na https na jina kamili, na `$CFG->sslproxy = true;`. Basi.

Jumatano, 19 Juni

Idi ilikuwa juzi, umeme umekatika mara tatu ndani ya siku nne na tatizo hili ndo lililonisumbua kuliko yote, kwaiyo naliandika kwa urefu.

Umeme ukirudi Pi inawaka, waifai inawaka, lakini tuneli haishiki. Nikiwasha upya haishiki. Nikibadilisha funguo haishiki. Nikiacha nikaenda kula, nikirudi inafanya kazi! Mara ya mwanzo dakika 12, ya pili kama 25, ya tatu mie sikugusa kitu, nilikaa na saa tu.

Ya tatu ndo nikaandika `date`. Umeme ulikatika saa 2 na dakika 5 usiku, ukarudi baada ya nusu saa hivi, na Pi inasema ni saa 1 na dakika 41. Pi 4 haina betri ya saa. Inapowaka inaanza na saa ya mwisho iliyohifadhiwa kwenye faili, alafu inauliza saa ya kweli mtandaoni. Na WireGuard kila salamu ya kuunganika inaipiga muhuri wa saa, na upande wa pili haukubali salamu yenye muhuri wa nyuma ya ile ya mwisho ulioipokea, ni ulinzi ili mtu asirudie salamu aliyoidaka. VPS inakumbuka salamu ya saa 2 na dakika 4. Pi inapiga hodi na muhuri wa saa 1 na dakika 41. Haifunguliwi mpaka saa yake mbovu itembee yenyewe ifike pale, na hizo ndo dakika zangu za kusubiri.

Lakini kwa nini haikuuliza saa ya kweli? Sababu nilinakili konfigi yenye `AllowedIPs = 0.0.0.0/0`, yaani kila kitu cha Pi kipite kwenye tuneli, pamoja na swali la saa. Saa inasubiri tuneli, tuneli inasubiri saa.

Dawa: `AllowedIPs = 10.8.0.1/32`. Pi inatumia tuneli kwa VPS tu, mengine yote yanatoka kwa njia ya kawaida. Nimechomoa waya wa umeme makusudi mara tano, kila mara tuneli imerudi chini ya dakika moja na nusu. Unaweza pia kununua kisaa cha betri cha kuchomeka kwenye Pi, sikukihitaji.

Memori kadi nayo ilikufa katika hizo tatu. SSD ilishafika, GB 240 kwa 75,000, nimehamia hapo, na nimeweka UPS ndogo ya 65,000 inayobeba rauta na Pi kwa saa mbili hivi.

Jumamosi, 29 Juni

Tovuti imefungika kwa watu wote saa 3 asubuhi, wakati wa mtihani wa majaribio. Tuneli iko sawa, ping inapita, nginx iko hai. Ilikuwa fail2ban. Niliiweka kwenye Pi iwazuie maroboti wanaotafuta kurasa za WordPress ambazo hatuna, na kwa macho ya Pi wageni wote duniani wana anwani moja, 10.8.0.1. Roboti mmoja akakosea mara kadhaa, ikamfungia 10.8.0.1, ikawafungia wanafunzi wote.

Nimeihamishia kwenye VPS, huko ndo anwani za kweli zinakoonekana. Na kwenye Pi nimeongeza `set_real_ip_from 10.8.0.1;` na `real_ip_header X-Forwarded-For;` ili logi (kumbukumbu za wanaoingia) ioneshe mgeni ni nani. Angalia lakini, hii inatengeneza logi tu, fayawoli ya Pi bado paketi inaziona zinatoka 10.8.0.1, kwaiyo usirudishe fail2ban ndani ukidhani yamekwisha.

Wanafunzi tuliwarudishia muda wao, Maalim aliwaomba radhi mbele ya wote, na mie pia.

Jumamosi, 13 Julai

Mwanafunzi alokaa ukumbini, mita nane kutoka kwenye Pi, akiandika jina la domeni anakwenda Ujerumani na kurudi, analalamika video ni nzito na laini yetu inalemewa. Nimeweka dnsmasq (inayojibu jina fulani liko anwani gani) kwenye Pi na rauta inawaambia vifaa vyote vya ndani waulize majina kwa Pi, na Pi kwa jina letu inajibu 192.168.8.20. Cheti nakinakili kutoka VPS kwa rsync kila kinapoongezwa, ili Pi nayo iweze kujibu https. Ukumbini sasa video inafunguka kabla hujaondoa kidole.

Simu kama sita bado zinakwenda Ujerumani. Zina Private DNS imewashwa kwenye mipangilio, haziulizi kwetu. Naizima hiyo Private DNS simu moja moja, wenyewe wakija.

Matumizi mpaka leo: vifaa 190,000 + 25,000 + 15,000 + 75,000 + 65,000, jumla 370,000. Domeni 30,000 kwa mwaka. VPS 13,000 kwa mwezi. Intaneti ni ileile aliyokuwa akilipa Maalim. Katika hizo elfu 25 za kadi zimepotea.

Jana usiku saa 5 na robo kwenye logi kuna mmoja, anwani ya laini ya simu, kafungua karatasi ya vitendo ya fizikia, swali la pendulamu, akakaa nayo dakika arobaini, akatuma majibu. Asubuhi nikamuuliza Maalim ni nani. Akaangalia, akasema yule wa Micheweni.